Mnyampara wa Abiria

Zamani misafara ya pembe iliyopita hapa Unyanyembe ilikuwa na mnyampara. Mzigo ukipotea, aliulizwa yeye. Ndege nazo zina mnyampara wake: msimamizi wa huduma kwa abiria.

Huyu si rubani. Ndege ikichelewa, huwaeleza watu sababu na kushughulikia chakula na malazi yao. Karani wa kaunta akishindwa neno, humwita yeye.

Cheo hicho hakipatikani kwa siku moja. Wengi huanza kaunta, kupima mizigo na kukagua tiketi. Baadaye huwa wakuu wa zamu, kisha wasimamizi, hata mameneja wa kituo. Kijana anayeitamani kazi hiyo amalize walau kidato cha nne, aende chuo, ajue Kiingereza. Tena awe na subira. Anayegombana na wateja dukani asijaribu!

Basi, begi lako lisipoonekana, usitoke kiwanjani. Mtafute msimamizi. Mwonyeshe kile kikaratasi chenye namba ulichopewa, aandike taarifa, nawe ubaki na nakala. Kwa safari za nchi za nje, Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 tangu kulipokea begi lililoharibika. Udai kwa maandishi. Kwa mdomo haitoshi.