Kubadili Mkono wa Kitasa cha Mlango wa Mbele

Mlango wa mbele hufunguliwa na kufungwa mara nyingi kwa siku kuliko mlango mwingine wowote wa nyumba, na aghalabu sehemu yake ya kwanza kuchoka ni mkono wa kitasa. Huanza kwa kulegea kidogo. Watu wa nyumbani huzoea kuuinua kabla ya kuuzungusha, na mgeni huonyeshwa jinsi ya kuushika. Halafu siku moja humtoka mtu mkononi, naye yu peke yake ndani, ama yu nje na mvua inanyesha.

Kazi ya kuubadili si kubwa. Mtu mwenye bisibisi, rula na subira aweza kuimaliza katika asubuhi moja bila kumwita fundi. Lakini yako mambo mawili ambayo wengi huyakosea: hununua kabla ya kupima, na hufunga mlango kabla ya kujaribu. Kosa la kwanza hupoteza fedha. La pili laweza kumfungia mtoto ndani ya nyumba.

SEHEMU ZA KITASA

Vitasa vingi vya milango ya mbao katika Kenya ni vile vinavyozamishwa ndani ya ubao. Ndani kuna sanduku dogo la chuma. Katika sanduku hilo hutoka ndimi mbili ukingoni mwa mlango. Ulimi wa juu umekatwa mshazari, nao husukumwa na kamani. Ndio unaoshika mlango usipeperushwe na upepo. Ulimi wa chini ni wa mraba, nao hautoki ila kwa ufunguo. Mkabala wa ndimi hizo, kwenye mwimo wa mlango, kuna bati lenye matundu ya kuzipokea.

Mikono ni miwili, mmoja ndani na mmoja nje, na kila mmoja umekaa juu ya bamba lililokazwa kwa parafujo. Mikono hiyo huunganishwa na fimbo fupi ya chuma yenye pembe nne, ipitayo katikati ya sanduku. Mtu azungushapo mkono, fimbo huzunguka, na ulimi wa mshazari hurudi ndani.

Hapana budi kufahamu tofauti hii: mkono hufungua mlango, lakini si mkono unaomzuia mwizi. Ulinzi umo ndani ya sanduku. Mwaka 1778 Mwingereza Robert Barron alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kitasa chenye vizuizi ndani, ambavyo sharti viinuliwe na ufunguo kwa kimo kilicho sawa kabisa, si zaidi wala si pungufu. Vitasa vingi vinavyouzwa madukani hufuata asili hiyo hiyo. Kadiri vizuizi vilivyo vingi, ndivyo ilivyo vigumu kukifungua kitasa kwa ufunguo usio wake. Kwa hiyo, ikiwa ufunguo mmoja umepotea, au umebaki kwa mpangaji aliyehama, kubadili mikono peke yake hakusaidii kitu. Yapasa kubadili sanduku lenyewe.

KUTAMBUA UGONJWA

Watu wengi huona mkono unayumba, wakaenda dukani mara moja. Ni vema kwanza kuuliza ni nini hasa kilichoharibika, kwa kuwa mara nyingi mkono ni mzima.

Ikiwa bamba linacheza juu ya mlango, parafujo zimelegea. Zikazwe. Zikizunguka bila kukamata, tundu limepanuka. Basi zitolewe, na ndani ya tundu vitiwe vijiti vyembamba vya mbao vilivyochovywa katika gundi ya mbao. Vijiti vya kiberiti vyafaa kwa kazi hii, baada ya kukata vichwa vyake. Gundi ikikauka, parafujo itakamata tena kama mwanzo.

Ikiwa mkono umeinama wala haurudi mahali pake, huenda kamani imevunjika. Mikono yote miwili itolewe, fimbo itiwe peke yake katika sanduku, kisha izungushwe. Ulimi ukirudi upesi kwa nguvu, sanduku ni zima na ubovu uko katika mikono. Ulimi ukirudi polepole au ukikwama, sanduku ndilo gonjwa.

Ikiwa mkono wazunguka vizuri lakini mlango haushiki, yafaa kutazama mwimo kabla ya kitasa. Wakati wa mvua ndefu, kati ya Machi na Mei, mbao hunywa maji na kuvimba. Kadhalika bawaba zikilegea, mlango hushuka, na ulimi hugonga chini ya tundu la bati. Njia rahisi ya kujua ni kupaka chaki kwenye ulimi na kuufunga mlango taratibu. Alama ya chaki itaonyesha ulimi unapogonga. Dawa yake ni kukaza bawaba, au kulipanua kidogo tundu la bati kwa tupa. Hapo hapana haja ya kununua chochote.

KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

Ikionekana kwamba mikono sharti ibadilishwe, vipimo hivi viandikwe katika karatasi:

1. Urefu na upana wa bamba, na nafasi iliyopo kati ya matundu ya parafujo.

2. Nafasi kutoka katikati ya tundu la fimbo mpaka katikati ya tundu la ufunguo. Katika vitasa vingi vya namna ya Kiingereza nafasi hii ni milimita 57, lakini vipo vya vipimo vingine. Ikikosewa, ufunguo hautaingia.

3. Unene wa fimbo. Nyingi ni za milimita 8 kila upande.

4. Unene wa mlango wenyewe, ili fimbo isiwe fupi wala parafujo zisitokeze upande wa pili.

5. Ikiwa sanduku nalo litabadilishwa, nafasi kutoka ukingo wa mlango mpaka katikati ya tundu la fimbo. Katika masanduku yenye kina cha milimita 64 nafasi hii huwa karibu milimita 45. Katika yale ya milimita 76 huwa karibu milimita 57.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kuchukua mkono wa zamani na kwenda nao dukani, ukalinganishwa na mpya palepale. Lakini mlango usiachwe bila mtu wa kuulinda wakati huo.

Anayekaa Mombasa, Malindi, Lamu, au mahali pengine pa pwani, achague shaba au chuma kisichoshika kutu, kwa maana hewa ya chumvi hula chuma cha kawaida upesi sana. Na anayekaa katika nyumba ya kupanga amwarifu mwenye nyumba kwanza.

KAZI YENYEWE

Kazi ianze asubuhi, ili giza lisiingie mlango ukiwa haufungiki. Vifaa ni bisibisi, rula, penseli, koleo, patasi, msasa na kekee ndogo. Kibakuli kiwekwe karibu cha kutilia parafujo, maana parafujo moja ikipotea katika majani kazi husimama.

Kwanza mlango ufunguliwe wazi, na chini yake itiwe kabari ya mbao ili usijifunge. Kabari hiyo isiondolewe mpaka kazi imekwisha.

Pili, rangi ikiwa imegandisha bamba kwenye mlango, ikatwe kwa ncha ya kisu kuzunguka ukingo, isije ikabanduka vipande vikubwa. Kisha parafujo za upande wa ndani zitolewe, mkono uvutwe, na fimbo itoke. Mikono mingine ina parafujo ndogo sana ubavuni inayoshika fimbo. Hiyo ilegezwe kwanza. Halafu mkono wa nje utolewe.

Tatu, kama sanduku litabadilishwa, parafujo mbili zilizo ukingoni mwa mlango zitolewe. Ulimi wa mraba utolewe nje kwa ufunguo, ushikwe kwa koleo, na sanduku livutwe taratibu kwa kunyoosha. Lisipigwe nyundo, maana mbao za mahali hapo ni nyembamba na hupasuka. Sanduku jipya likibana, shimo lichongwe kidogo kwa patasi na kujaribiwa mara kwa mara. Ni rahisi kuondoa ubao. Kuurudisha ni vigumu.

Nne, fimbo ipimwe. Ikiwa ndefu mno, mabamba hayatalala juu ya mlango, nayo mikono itabana. Ikatwe kwa msumeno wa chuma na ncha zake zilainishwe kwa tupa.

Tano, mikono mipya iwekwe mahali pake pamoja na fimbo, na bamba linyooshwe sawa na ukingo wa mlango. Matundu yatiwe alama kwa penseli. Kekee itoboe tundu lililo jembamba kuliko parafujo, ili ubao usipasuke. Parafujo ikipakwa sabuni huingia kwa wepesi. Ikiwa matundu ya zamani yamekaribiana na mapya, yazibwe kwanza kwa vijiti na gundi, yapigwe msasa, ndipo mapya yatobolewe.

Sita, parafujo zisikazwe zote kwa nguvu kwa mara moja. Zikazwe kidogo, ufunguo ujaribiwe, mkono uzungushwe. Halafu zikazwe tena. Mkono uliokazwa kwa kupinda huwa mzito, na kamani yake hufa upesi.

KUJARIBU MLANGO UKIWA WAZI

Hapa ndipo penye hatari, na hapa ndipo wengi hufanya haraka. Kazi ikimalizika, mtu hufurahi, akaondoa kabari na kuusukuma mlango ujifunge. Ikiwa fimbo haikuingia vizuri, au mkono mmoja haukamati, ulimi utaingia katika bati na hautarudi. Aliye ndani hawezi kutoka, wala aliye nje hawezi kuingia, na pengine jiko linawaka.

Kwa hiyo majaribio yote yafanywe kwanza mlango ukiwa wazi. Mkono wa ndani uzungushwe mara kumi, na wa nje mara kumi, na kila mara ulimi urudi ndani kabisa na kutoka tena. Ufunguo nao uzungushwe kwa kila upande. Baada ya hayo mlango ufungwe huku mtu mmoja akiwa ndani na mwingine nje, kila mmoja akiwa na bisibisi, na dirisha au mlango wa nyuma ukiwa wazi. Ukifunguka mara kadhaa bila shida, kazi imekwisha.

UFUNGUO UWEKWE WAPI

Mlango mzuri una kazi mbili: kumzuia mtu mbaya asiingie, na kumruhusu mwenye nyumba atoke. Watu huifikiri sana ya kwanza na kuisahau ya pili. Nyumba nyingi zina mlango wa mbao pamoja na mlango wa vyuma wenye kufuli, na usiku yote miwili hufungwa kwa ufunguo. Moto ukizuka, moshi hujaa chumbani upesi, na hapana awezaye kutafuta ufunguo chini ya mto au katika mfuko wa koti.

Basi funguo za milango yote miwili zitundikwe usiku mahali pamoja karibu na mlango, mbali na dirisha ili mkono wa mtu wa nje usizifikie. Kila mkaaji wa nyumba apajue mahali hapo, nao watoto walio na umri wa kufahamu wafundishwe kuufungua mlango hata gizani. Mkono mpya ni nafasi nzuri ya kuwafundisha: kila mmoja aufungue na kuufunga huku amefumba macho.

KUUTUNZA

Parafujo za mikono na za bawaba zikaguliwe kila baada ya miezi michache, hasa mvua zikikoma. Kamani na ulimi vyaweza kutiwa tone la mafuta. Lakini tundu la ufunguo lisitiwe mafuta ya kupikia kamwe, kwa kuwa hushika vumbi na kuganda. Ni afadhali ufunguo upakwe unga wa kiini cheusi cha penseli, kisha uingizwe na kuzungushwa mara kadhaa.

Iko kazi ya kumwachia fundi: kitasa kilichounganishwa kwa moto katika mlango wa chuma, mwimo ulioliwa na mchwa, au ufunguo uliokatikia ndani. Lakini parafujo iliyolegea haihitaji fundi. Yahitaji jicho la mwenye nyumba na dakika tano za bisibisi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na asiyekaza parafujo moja leo, kesho atanunua kitasa kizima.