Hodi Yako Iishie Barazani
Kijitabu cha kaya: kumsaidia jirani wakati wa janga

Tarehe 16 Machi 2020 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania. Kesho yake Serikali ikatangaza kufunga shule. Kwetu Kaole, Bagamoyo, kama pwani yote, mtu akiugua watu huenda kumjulia hali: shoga zake, wajukuu, majirani wa kisimani, wote ndani ya chumba kimoja chenye dirisha dogo. Ni upendo huo. Lakini ugonjwa wa njia ya hewa hupata nguvu hapohapo, palipojaa watu na pasipopita upepo.

Hatukuambii uache kwenda. Nenda, ila ubaki nje.

Nyumba zetu nyingi zina baraza, na baraza linatosha. Vaa barakoa. Weka kapu lenye chupa ya uji, muhogo na samaki wa kuchemsha, rudi nyuma hatua tatu nne, kisha piga hodi. Usiondoke baada ya kuitikiwa. Zungumza naye akiwa mlangoni, mtazame usoni, msikilize anavyohema. Muulize dawa za presha au sukari zimebaki za siku ngapi, na maji ya kunywa yapo? Mtu aliyefungiwa ndani siku kumi anahitaji mazungumzo hayo kama anavyouhitaji uji.

Nani aende?

Aende kijana mwenye afya. Mzee, au mwenye presha, sukari au pumu, asaidie kwa simu: awapigie wagonjwa asubuhi na jioni. Ukikohoa au ukihisi homa, pumzika nyumbani, mwenzio akushikie zamu. Na kabla ya kuanza, mwone balozi na mhudumu wa afya wa jamii. Bila kupanga, nyumba moja hupata sufuria tatu za wali na ya pili inalala njaa.

Kibuyu chirizi

Kazi ya nusu saa kwa vijana wawili. Tafuta dumu la lita 5. Pasha msumari moto, toboa tundu dogo upande usio na mkono, chini kidogo ya mfuniko. Simika miti miwili yenye panda, pitisha ufito kwenye mkono wa dumu, ulaze juu ya panda. Kamba ifungwe shingoni mwa dumu, ncha ya chini kwenye kijiti kilicholala ardhini. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama na maji yanachirizika. Hakuna aliyeligusa kwa mkono. Ning'iniza sabuni pembeni. Sugua sekunde 20, hadi katikati ya vidole. Kipindupindu nacho kikibisha hodi, kibuyu hichohicho kitakufaa.

Nyungu

Wakati wa korona wengi tulijifukiza kwa mvuke wa nyungu. Mvuke hauui kirusi kilichomo mwilini, na chungu cha maji yanayotokota chini ya blanketi kinaweza kumbabua mtu. Usimfukize mtoto, wala mgonjwa aliyekosa pumzi.

Dalili za kukimbilia hospitali

Anahema kwa shida hata akiwa amekaa, kifua kinabana, anaongea yasiyoeleweka, midomo imebadilika rangi, haamki vizuri. Usingoje asubuhi. Piga 199, ni bure, au mpeleke Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo. Bajaji ni bora kuliko bodaboda kwa aliyelegea: mapazia yafunguliwe, dereva na mgonjwa wavae barakoa.

Chanjo ya korona ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa hadharani. Mzee asiye na wa kumsindikiza kituoni kuchanjwa, msindikize.

Jambo la mwisho, nalo tunaliona zito. Unayoyaona pale mlangoni ni amana. Yasifike kijiweni, wala kwenye kundi la WhatsApp. Wakikuuliza njiani bibi ana nini, jibu ni hili: yupo, anawasalimu.