Adui wa Funza Walao Mizizi

Huenda msomaji amepata kuona uwanja wa ukoka uliokauka mabaka mabaka, hali maji hayakukosekana. Ukiyavuta majani hayo makavu, hung'oka kama mkeka unaokunjwa, kwa kuwa mizizi imekwisha kuliwa. Chini yake hukutwa funza weupe, wanene, wenye vichwa vya rangi ya kahawia, nao wamejikunja. Hao ni watoto wa mbawakawa.

Huko Marekani funza hao wameleta hasara kubwa. Mwaka 1916 mbawakawa wa Japani alionekana mara ya kwanza katika jimbo la New Jersey. Kwao Japani maadui zake humpunguza. Ugenini hakuwakuta, akazaana mno. Ndipo wataalamu walipoanza kumtafutia adui.

Mwaka 1933 waliona funza wagonjwa ambao damu yao imekuwa nyeupe kama maziwa. Ugonjwa huo huletwa na vijidudu viitwavyo bakteria. Tangu 1939 hata 1953 unga wa vijidudu hivyo ulitiwa udongoni katika majimbo mengi. Lakini majaribio ya baadaye katika jimbo la Kentucky hayakuonyesha faida. Tena unga huo umekusudiwa funza wa mbawakawa wa Japani tu. Mwenye funza wa namna nyingine akiununua, apoteza fedha yake bure.

Adui wa pili ni minyoo midogo mno, ambayo Bw. Glaser aliigundua huko New Jersey mwaka 1929. Minyoo hiyo humwingia funza kinywani au katika matundu ya kupumulia, ikamwaga bakteria ndani yake, naye hufa baada ya siku chache. Haimdhuru mtu wala mifugo.

Atakaye kuitumia na ayashike haya:

1. Chimba kwanza, ukahesabu funza. Wakiwa wachache, ukoka wenye nguvu huwavumilia.

2. Wapige wangali wadogo, karibu na uso wa udongo.

3. Nyunyiza jioni, kwa kuwa jua huiua minyoo. Mwagilia maji kabla na baada, udongo usikauke.

4. Minyoo ni viumbe hai. Usiiweke juani, wala usiikawize ghalani.

Dawa ya moto ni moto; lakini mwenye kuuwasha sharti aujue.