Dodoso la Usalama wa Mgonjwa: Anzeni na Hofu

Hospitali inayotaka kujua watumishi wake wanauonaje usalama wa wagonjwa haina haja ya kutunga maswali upya. Tangu 2004 AHRQ, wakala wa serikali ya Marekani wa utafiti na ubora wa huduma za afya, umekuwa ukitoa dodoso la kazi hiyo, na toleo la pili lilitoka 2019. Linauliza juu ya makabidhiano ya zamu, uhaba wa watumishi, ushirikiano, msimamo wa viongozi, na yanayompata mtu akikosea.

Hilo la mwisho lisomwe kwanza. Dodoso hili linapotumika, mara nyingi hapo ndipo alama hushuka. Muuguzi aliyempa mgonjwa dawa ya jirani yake anajua vizuri fomu ya kuripoti tukio iko wapi. Anachojiuliza ni kama ataitwa wachunguze pamoja, au atapewa barua ya kujieleza.

Kwa hiyo wodi ambayo haikuripoti kosa hata moja mwaka mzima isipongezwe haraka. Amy Edmondson wa Harvard alipochunguza makosa ya dawa hospitalini miaka ya 1990, alikuta makosa mengi zaidi yakionekana kwenye vikosi vyenye uongozi mzuri. Watu wa vikosi hivyo walikuwa huru kuyasema.

Fomu za dodoso zisikusanywe na mkuu wa wodi. Wekeni sanduku lenye kufuli, na jina lisiulizwe. Wodi ya wauguzi wanne isitangaziwe matokeo peke yake. Cheo na miaka ya kazi vinatosha kumfichua mtu. Wakati wa kuhesabu, jihadharini na sentensi zilizoandikwa kwa upande mbaya: anayekataa kwamba makosa yake hutumiwa dhidi yake ametoa jibu jema. Kwa kipimo cha AHRQ, eneo lenye majibu mema 75% ni imara, na la 50% kushuka chini linahitaji kazi. Majibu ya viongozi yatenganishwe na ya wanaohudumia wagonjwa, maana wastani wa pamoja huficha mengi.

Matokeo yarudi wodini upesi, hata yakiwa machungu. Chagueni jambo moja, tuseme makabidhiano ya usiku, mlirekebishe, mpime tena baada ya mwaka au miwili. Na kabla ya dodoso la pili kugawiwa, acheni kumwandikia barua aliyeripoti kosa lake mwenyewe, isipokuwa alikuja kazini amelewa au alidhuru kwa makusudi.