Vita vya Kagera: Chimbuko la Uhasama

Swali: "Vita vya Kagera vilisababishwa na uvamizi wa mwaka 1978." Jadili kauli hii.

Usianze jibu lako na Oktoba 1978. Uvamizi ule ni sababu ya papo hapo. Mtahini anataka kuona kama unaijua miaka saba iliyotangulia. Wala usijaze ukurasa kwa kueleza kwamba Amin alikuwa nduli. Ukatili wake ni kweli, lakini peke yake hauelezi kwa nini majirani wawili walipigana.

Anza na tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alipompindua Milton Obote. Tanzania ilikataa kuitambua serikali mpya, na Mwalimu Nyerere akampa Obote hifadhi. Hapo ndipo penye kiini cha hoja. Kwa Nyerere, Amin hakuwa kiongozi halali. Kwa Amin, Tanzania ilikuwa inamhifadhi mtu aliyetaka kumng'oa. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Septemba 1972 wafuasi wa Obote wenye silaha waliingia Uganda wakitokea Tanzania, wakashindwa, na ndege za Amin zikashambulia Bukoba kulipiza kisasi. Watahiniwa wengi huliruka tukio hili, labda kwa kuona linaitia nchi yetu doa. Liandike. Ukieleza upande mmoja tu, hujajadili.

Oktoba 1972 Somalia ilisuluhisha, ukatiwa saini Mkataba wa Mogadishu: kila upande uondoe majeshi mpakani na usiwasaidie wapinzani wa mwenzake. Mapigano yalikoma, uhasama ukabaki. Nyerere hakukubali kuketi meza moja na Amin, hivyo marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakukutana tena. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, ila usimtwishe Amin mzigo wote. Tofauti za kiuchumi na kisiasa kati ya Kenya na Tanzania zilichangia sana.

Sasa ndipo uingie 1978. Jeshi la Uganda, lililokuwa na maasi ndani yake, lilivamia hadi Mto Kagera na kubomoa daraja la Kyaka, na Amin akatangaza eneo hilo kuwa la Uganda. Tanzania ilijibu kwa vita, na Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979.

Jipime: Kama lengo lilikuwa kumtoa adui Kagera, kwa nini majeshi ya Tanzania yalisonga mbele hadi Kampala? Andika aya mbili, moja ukitetea uamuzi huo na nyingine ukiupinga.