Kutunza na Kunakili Negativu Nyumbani: Mwongozo kwa Wapiga Picha wa Kasulu na Kibondo

Mwongozo huu unawahusu wapiga picha wa Kasulu, Kibondo na vijiji vya jirani waliobakiwa na maboksi ya negativu tangu enzi za mkanda, pamoja na waliorithi maboksi hayo kutoka kwa mzazi au mjomba aliyekuwa na studio. Chumba cha giza hakihitajiki, kwa kuwa mkanda uliokwisha kusafishwa kwa dawa hauharibiwi na mwanga wa kazini. Kinachohitajika ni meza safi, simu yenye kamera nzuri, subira, na wazee wanaokumbuka.

Usichome negativu kwa sababu tu sanduku limejaa. Wateja wa studio zetu hawakuwa wenyeji peke yao. Wakimbizi wa Burundi waliingia 1972 na tena 1993, Wakongo wamekuwa katika kambi ya Nyarugusu tangu 1996, na walimu na wauguzi walipangiwa kazi huku kisha wakahamishwa. Kambi ya Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa 2012, watu waliondoka na mizigo michache. Picha iliyobebwa safarini hulowa, huchanika, hupotea. Ya studio ikibaki sandukuni, huenda ndiyo sura pekee ya mzazi wa mtu iliyosalia. Zanzibar, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 ilitunza negativu zake, na hadi leo watu wanazijua sura za mji ule wa zamani kutokana nazo. Hazina ya namna hiyo inaweza kuwapo hata katika chumba cha nyuma hapa Kasulu.

Kabla ya kusafisha au kunakili chochote, tafuta majina. Hii ndiyo sehemu ya kazi inayoharakishwa kuliko zote, na ndiyo isiyoweza kurudiwa. Negativu chafu itasubiri mwaka mmoja zaidi, lakini mzee anayemfahamu bibi harusi wa picha hiyo huenda asisubiri. Kwenye mipangilio ya simu nyingi kuna sehemu ya kugeuza rangi. Iwashe, fungua kamera, kisha ielekeze kwenye negativu iliyoshikwa mbele ya dirisha: nyeusi inakuwa nyeupe, na sura inatokea hapo hapo kwenye kioo. Mkalishe mzee kivulini, umwoneshe picha moja moja, na usimtajie jina unalodhani wewe, maana kwa heshima anaweza kukukubalia tu. Muulize huyu ni nani, wa ukoo gani, hapa ni wapi, mvua ilikuwa imeanza au bado. Nguo, gari, bati la kanisa na bango la duka husaidia kukadiria mwaka. Negativu nyeusi na nyeupe za siku za Mwami Theresa Ntare, mtawala wa jadi wa Heru, zina mashahidi wachache sana waliobaki. Anza na hizo. Andika majibu kwa penseli juu ya bahasha kabla ya kutia negativu ndani, kwa sababu wino hupenya na mgandamizo wa kalamu huacha alama kwenye mkanda. Andika pia jina la aliyekueleza.

Sasa fahamu unachokishika. Negativu ina pande mbili: mmoja unang'aa, mwingine umefifia kidogo. Uliofifia ndio wenye utando wa jelatini, na picha imo ndani ya utando huo. Jelatini hunyonya maji, hulainika, huota ukungu na huliwa na mende. Kwa hiyo shika mkanda kingoni tu, kwa vidole vikavu au glovu za pamba, wala usifute upande uliofifia kwa kitambaa. Vumbi letu jekundu lina chembe ngumu, na mfuto mmoja tu unatosha kuchora mistari usoni mwa mtu. Piga deki sakafu kwa kitambaa chenye maji, acha chumba kitulie, ndipo ufungue boksi. Ondoa vumbi kwa kipulizio cha mpira au brashi laini sana. Usipulize kwa mdomo, mate yataruka.

Ukungu mkavu upunguzwe kwa brashi hiyo laini ukiwa nje, umefunika pua na mdomo. Usiuloweshe: utando ulioliwa na ukungu unaweza kuyeyuka majini, na sura ikaondoka nao.

Vipande vilivyogandana havivutwi vikiwa vikavu. Kama havina ukungu, jaribu kwanza kipande usichokithamini sana. Kilaze kwenye beseni la plastiki lenye maji safi yasiyo ya moto, ukisubiri hadi vitengane vyenyewe; inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Maji ya bomba wakati wa masika huja na tope, kwa hiyo hayafai. Tumia maji yasiyo na chumvichumvi yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri za magari, lakini soma chupa kwa makini, kwani asidi ya betri huwekwa rafu hiyo hiyo. Vikishatengana, vitundike kwa vibanio vya nguo ndani ya chumba kilichofungwa, mbali na jua na moshi wa jikoni.

Kunakili kwa simu kunatosha kwa kazi nyingi. Chukua simu ya pili au tableti, weka picha nyeupe tupu kwenye kioo chake na uongeze mwanga hadi mwisho. Usilaze negativu moja kwa moja juu ya kioo hicho, maana nukta zake zitaonekana kwenye nakala. Weka viberiti viwili pembeni, juu yake kipande cha kioo safi, kisha negativu, upande unaong'aa ukitazama kamera. Herufi za pembezoni zikisomeka vizuri, hujaigeuza. Funika mwanga unaobaki kandokando kwa karatasi nyeusi, funga mapazia, zima taa na flashi, na uweke kamera sambamba kabisa na mkanda. Piga pamoja na kingo, kwa kuwa namba za pembezoni huonesha picha ipi ilitangulia ipi. Mikanda ya rangi ina tabaka la rangi ya chungwa, hivyo ukigeuza rangi za nakala kwenye programu ya picha ili iwe picha ya kawaida, itaonekana ya buluu. Rekebisha ukilenga kitu unachojua kilikuwa cheupe, kama shati la shule.

Kemikali za zamani zikikutwa pamoja na negativu zisimwagwe kisimani wala mtoni. Maji ya haipo (dawa ya kuimarisha picha) yaliyotumika yana madini ya fedha ndani yake, nayo hudhuru viumbe vya majini.

Kwa hifadhi, kata mkanda wa milimita 35 vipande vya picha sita sita, ukipitisha mkasi katikati ya nafasi zinazotenganisha picha. Epuka karatasi ya gazeti, bahasha za kaki na plastiki yenye harufu kali. Sanduku lisikae chini ya bati wala sakafuni. Kati ya Oktoba na Mei, mvua zinaponyesha, weka ndani yake vile vifuko vya chembechembe za kukaushia vinavyokuja na viatu vipya.

Mteja akija kuomba picha yake, mpe. Usiirushe mtandaoni kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na hata bila sheria, sura ya aliyekimbia vita inaweza kumfikia aliyemkimbia. Omba ridhaa ya mhusika au ya familia yake na uiandike.

Nakala ziwe mbili, moja kwenye flashi inayotunzwa nyumba nyingine. Kila Juni, kiangazi kinapoanza, fungua maboksi yote na unuse. Boksi lenye harufu ya siki lina mkanda ambao plastiki yake imeanza kuoza. Litenge siku hiyo hiyo lisiambukize mengine, na unakili negativu zake kabla ya nyingine zote.