Dereva Mgeni na Barabara ya Mikumi: Somo la Afya na Usalama Safarini

Barabara kuu ya Tanzania na Zambia hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Hupitiwa na malori yaendayo Zambia, Malawi na Kongo, mabasi ya mikoani, na magari madogo ya familia zinazokwenda kutembelea ndugu Kilosa au kuvua samaki katika Mto Kilombero. Wengi wa madereva hao ni wageni, ama wa nchi ama wa barabara yenyewe. Somo hili linaeleza jinsi mgonjwa anayesafiri na mhudumu wa afya anayemhudumia wanavyoweza kuzuia ajali kabla gari halijawashwa.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma, msomaji aweze kutaja hali za kiafya zinazopunguza uwezo wa kuendesha gari. Kueleza hatari za kubadili upande wa barabara na za kuendesha usiku hifadhini. Kumshauri mgonjwa wa kisukari anayesafiri. Na kutoa huduma ya kwanza penye ajali.

Mfano wa kufundishia

Mwanamume wa miaka 52, mkazi wa Lubumbashi, anafika kliniki moja mjini Mikumi saa 11 jioni. Ameendesha gari tangu saa 11 alfajiri kutoka Mbeya, akiwa na mkewe na watoto wawili. Ana kisukari na hutumia glibenklamidi. Mchana hakula, kwa sababu alitaka kuwahi. Amekuja kuomba dawa ya mafua, na anasema atavuka hifadhi usiku huo ili alale Morogoro.

Mafua ndiyo yaliyomleta, lakini siyo hatari yake kubwa. Mhudumu makini ataona mambo manne: uchovu, njaa pamoja na dawa inayoshusha sukari, dawa ya mafua inayoweza kuleta usingizi, na giza katika njia ya wanyama.

1. Uchovu

Mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo huendesha kama mtu mwenye kiasi cha kilevi katika damu ambacho nchi nyingi zimekikataza barabarani. Kahawa na upepo wa dirishani huchelewesha usingizi kwa muda mfupi tu. Tiba ya usingizi ni kulala. Dereva apumzike walau dakika 15 kila baada ya saa mbili, na akianza kupiga miayo, kukosa kukumbuka kilomita alizopita au kuyumba njiani, aegeshe mahali salama na alale dakika 15 hadi 20. Saa zenye hatari zaidi ni kuanzia saa 8 usiku hadi saa 12 alfajiri, na saa 8 hadi saa 10 alasiri.

2. Dawa

Klorofeniramini, inayotolewa sana kwa mafua na mzio, huleta usingizi. Diazepamu, amitriptilini na tramadoli nazo hupunguza wepesi wa kuitikia. Kwa hiyo, kabla ya kuandika dawa, mhudumu aulize: “Baba, utaendesha gari leo?” Swali hilo huchukua muda mfupi kuliko kujaza kadi. Mgonjwa naye asikubali kidonge kutoka kwa abiria mwenzake, wala asianze dawa mpya siku ya safari bila kujua itamfanyaje. Mwenye kifafa asiendeshe mpaka daktari wake amruhusu.

3. Kisukari

Insulini na vidonge kama glibenklamidi vinaweza kushusha sukari kupita kiasi, hasa mtu anaporuka mlo. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa na kuona ukungu. Abiria wanaweza kudhani dereva amelewa au amekasirika. Metformini ikitumiwa peke yake huleta hali hiyo mara chache.

Anayetumia dawa hizo apime sukari kabla ya kuondoka na kila baada ya saa mbili. Ikiwa chini ya 5 mmol/L, ale kwanza. Ikiwa chini ya 4, asiendeshe: asimame, azime gari, ahamie kiti cha abiria, anywe soda yenye sukari au maji yenye vijiko vya sukari au glukosi, kisha ale chakula. Baada ya sukari kurudi kawaida, asubiri dakika 45, kwa kuwa ubongo huchelewa kupona kuliko kipimo. Insulini isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, wala isigusane na barafu.

4. Upande wa barabara

Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na Malawi huendesha kushoto. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Rwanda na Burundi huendesha kulia. Mgeni hukumbuka vyema akiwa kwenye msongamano, maana hufuata wenzake. Husahau barabara ikiwa tupu, au anapotoka kituo cha mafuta baada ya kupumzika. Abiria wa mbele apewe kazi ya kumkumbusha kila gari linapoanza kuondoka. Mwenye gari lenye usukani wa kushoto haoni mbele vizuri anapotaka kulipita lori. Basi aache nafasi, na asipite bila uhakika.

Nyaraka nazo zitenganishwe, kwa sababu wasafiri huchanganya “kadi ya njano” mbili. Moja ni ya bima ya gari, ya mpango wa COMESA, ambao Tanzania inashiriki. Nyingine ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa na hudumu maisha yote. Moja haiwezi kushika nafasi ya nyingine.

5. Hifadhini na njia ya Kilosa

Tembo, twiga, nyati, swala na nyani huvuka barabara hii mchana na usiku. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa huhitaji takribani mita 53 kusimama kwenye lami kavu. Katika mwendo wa kilomita 50 huhitaji takribani mita 23. Usiku, taa za chini huonyesha umbali mfupi, na tembo wa kijivu hujitokeza akiwa karibu mno. Dereva afuate vibao vya mwendo, avuke hifadhi mchana ikiwezekana, asishuke kumpiga picha mnyama, na akimwona mmoja atarajie wa pili nyuma yake.

Kilosa ina tatizo jingine: maji. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu makazi na reli. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kulisomba gari dogo. Daraja lililofunikwa lisivukwe, hata kama gari la mbele limevuka.

Wanaokwenda Kilombero kuvua wajikinge na mbu, wasiingie majini kwa sababu ya kichocho, mamba na viboko, na wapime malaria mara moja wakipata homa, hata baada ya kurejea kwao.

6. Ajali ikitokea

Kwanza, linda eneo: egesha mbali, washa taa za tahadhari, weka pembetatu. Pili, piga 112. Tatu, zuia damu kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi. Nne, usimvute majeruhi shingo wala kumkalisha, isipokuwa kuna moto au hatari nyingine ya papo hapo. Tano, anayepumua bila fahamu alazwe ubavu, kichwa na shingo vikishikiliwa pamoja na mwili. Usimpe chakula wala kinywaji.

Majeruhi wa barabarani huhitaji fomu ya polisi namba 3, yaani PF3. Hata hivyo, kuzuia damu na kufungua njia ya hewa hutangulia karatasi.

Hitimisho la mfano

Msafiri wa Lubumbashi apimwe sukari, ale, apewe dawa ya mafua isiyoleta usingizi, na ashauriwe yeye pamoja na mkewe kulala Mikumi. Wataondoka saa 1 asubuhi, amekunywa chai na sukari yake imepimwa. Watakuwa wamepoteza usiku mmoja tu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini dereva asiwashe gari mara tu sukari inaporudi kawaida?
2. Taja dawa tatu zinazohitaji onyo kwa dereva.
3. Ni wakati gani dereva aliyezoea kulia husahau kuendesha kushoto?
4. Kadi mbili za njano zinatofautianaje?